Vitanda Vinane vya Cape Vidal

Kila siku ya kazi watu wapatao 460,000 hupita Warwick Junction, hapa Durban. Hushuka kwenye treni pale Berea Station, hushuka kwenye mabasi na teksi zinazotoka KwaMashu, Umlazi na Inanda, hukatiza Brook Street, hupanda madaraja ya waenda kwa miguu, hununua mahindi ya kuchemsha, kofia ya mtoto, mzizi wa kikohozi, kisha huendelea na safari zao. Sisi tunaowauzia hatuendi popote. Muuza nyanya wa Early Morning Market amefika kabla ya jua na haondoki mpaka wateja wa jioni wapungue. Ukisikia amesafiri, ujue kuna msiba, au kuna arusi ambayo asipoonekana itakuwa kesi ya ukoo. Kusafiri kwa sababu tu mahali ni pazuri ni jambo tuliloliachia watu wa kwenye mabango.

Mume wangu alilikataa hilo. Yeye ni fundi cherehani. Mimi nauza vitenge na kanga hatua chache kutoka kwake, upande wa kaburi la Badsha Peer. Jioni moja, ugali ukiwa katikati ya meza, alisema: "Mama watoto, mwaka huu tunaenda vakansi. Tutalala kwenye nyumba ya magogo, kando ya ziwa, penye rasi." Watoto wakaacha kutafuna. Mama yake, aliyekuja kutoka Bukavu kutusalimia na akakaa, aliuliza swali moja tu.

"Ni nani alikufa?"

Inafaa nieleze kwa nini rasi. Bukavu umejengwa juu ya rasi tano zilizoingia Ziwa Kivu, na mtoto wa pale huamka maji yakiwa mbele na nyuma ya nyumba. Mimi ni wa Musoma, mji uliokaa kwenye rasi ya Ziwa Viktoria, ambako ukipotea huulizi njia, unatembea tu mpaka ufike ufukoni. Tulikutana Durban, tukapanga ghorofani Albert Park, tukazaa watoto watatu ambao maji yao ni ya bomba na ya bahari ya Jumapili. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona ziwa. Hilo lilikuwa linamuuma mume wangu kimyakimya, na mimi likaanza kuniuma siku ile lilipotamkwa.

Shida ni kwamba kila mmoja wetu alikuwa na ziwa lake kichwani. Kivu haina mamba. Watoto wa Bukavu hujitosa majini kutoka kwenye mawe, na usiku wavuvi wa sambaza hutoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, taa zikiwaka, wakiimba. Sambaza wenyewe ni wageni pale, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika miaka ya 1950 ikielekea mwisho, lakini mwambie hivyo mtu wa Bukavu uone kama atakukaribisha chakula. Kwetu Musoma mtoto huenda ziwani na mtu mzima anayetazama maji, kwa sababu mamba wapo, na familia zinazoujua uchungu huo zipo. Kwa hiyo mume wangu akawa anawafundisha watoto kupiga mbizi juu ya zulia la sebuleni, na akitoka tu, mimi nawafundisha kukaa mbali na maji. Mdogo wao akawa hajui ashike lipi. Akalala na ndoo pembeni ya kitanda, ajizoeze.

Aliyetuamua ni mama mmoja muuza dawa za miti shamba. Meza yake iko juu, kwenye daraja la barabara kuu ambalo halikumaliziwa kujengwa na ambalo leo ni soko la mizizi na magome, mji mzima ukipita chini yake. Ni mtu wa upande wa Mtubatuba. Alituchorea kwa kidole juu ya unga wa magome uliomwagika mezani: huku Ziwa St Lucia, refu, kule Bahari ya Hindi, katikati ukanda mwembamba wa nchi unaoning'inia kuelekea kusini mpaka mdomo wa ziwa. Juu ya ukanda huo, akasema, kuna ziwa jingine dogo, Bhangazi, halafu matuta marefu ya mchanga yaliyoota msitu, halafu Cape Vidal na nyumba zake za magogo, bahari ikisikika kutoka kitandani. Kisha akamkazia macho mume wangu. Ziwani haogi mtu. Kuna viboko, kuna mamba, na mdomoni hupanda hata papa. Kuoga ni baharini.

Mume wangu alikunja uso kama aliyeuziwa kitambaa pungufu, akakubali.

Yule mama hakuishia hapo, na mimi namshukuru. Alisema watu wa Bhangazi waliwahi kuondolewa kwenye nchi ile, kupisha mashamba ya miti na hifadhi, na mwaka 1999 madai yao ya ardhi yalimalizwa kwa fidia na mapatano ya kupata sehemu ya mapato ya getini. Makaburi ya wazee wao bado yako kando ya ziwa. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, eneo zima liliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia, miongoni mwa matatu ya kwanza ya Afrika Kusini, pamoja na Kisiwa cha Robben. Tangu 2007 jina lake ni iSimangaliso. Na lisingekuwepo la kuorodheshwa kama matuta yale yangechimbwa titani, kama ilivyoombwa. Watu walipiga kelele kwa miaka, mpaka mwaka 1996 serikali ikakataa.

Nilipokuwa nashuka ngazi za daraja nililiona paa la Early Morning Market, soko la tangu 1910. Mwaka 2009 mji ulitaka kulibomoa lijengwe duka kubwa la kisasa kabla ya Kombe la Dunia, wafanyabiashara wakagoma kuondoka, wakaenda mahakamani, na mpango ule ukafa. Tangu hapo sikuiona tena Cape Vidal kuwa mahali pa wageni wenye kamera. Ni mahali palipookolewa na watu waliosema hapana, na sisi wa Warwick tunalijua neno hilo lina gharama gani.

Tarehe ndiyo iliyotusumbua kuliko fedha. Desemba haiguswi: ndiyo miezi yetu mitatu kwa mkupuo, kila mtu anarudi kijijini na kila anayerudi anataka nguo mpya. Januari mume wangu anashona sare za shule mpaka vidole vinavimba. Pasaka ni vitenge vya kanisani. Ikabaki likizo ya shule ya katikati ya mwaka, na hapo napo pana Durban July, mbio za farasi za Greyville, Jumamosi ya kwanza ya Julai, ambapo mji mzima huvaa visivyovalika siku nyingine na mafundi wa Warwick hawalali. Tukapata kijia chembamba: mbio zikishapita, shule hazijafunguliwa. Ni majira ya baridi, mvua hazipo, mbu wamepungua, jambo lililonipa amani kwa sababu kule kaskazini kuelekea mpaka wa Msumbiji malaria haijaisha, na mimi malaria naijua kwa jina la kwanza. Isitoshe, kuanzia Juni nyangumi wenye nundu hupita mbele ya Cape Vidal wakielekea maji ya joto.

Fedha zilitoka kwenye upatu. Hapa wanauita stokfela, mama mkwe anauita likelemba, lakini mchezo ni uleule, na wachezaji ni muuza mahindi, muuza kofia, dada wa aproni za shweshwe, mimi na wengine. Zamu yangu iliangukia Mei. Nilipowaambia wenzangu fedha zinakwenda kwenye nyumba ya magogo, si kwenye mzigo wa vitenge, pakawa kimya. Muuza mahindi, ambaye mapipa yake ya maji ya moto yanachemka tangu alfajiri, akaniuliza kama mume wangu ni mzima. Sikumjibu kwa mzaha. Nilimwambia kwamba watu wanaosimama juu ya zege mwaka mzima wana haki ya kukaa chini mahali penye miti, na kwamba sioni kwa nini mtu atoke Ujerumani aende kuona viboko wa St Lucia ilhali mimi nakaa mwendo wa asubuhi moja kutoka kwao na sijawaona.

Nyumba zipo za vitanda vitano na za vitanda vinane. Sisi na mama mkwe ni sita. Tukachukua ya vinane, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu vitanda viwili vilivyobaki vilijulikana Brook Street nzima kabla risiti haijakauka. Shemeji yangu kinyozi alitangaza kwamba kimoja ni chake. Binamu wa Pietermaritzburg alipiga simu kuuliza afya yetu, jambo ambalo si kawaida yake. Mama mkwe alitaka kumwalika mama mwenzake wanayesali pamoja, "kwa sababu mu pori mutu mukubwa hawezi kukaa na batoto peke yake."

Kilichoamua ni usafiri. Teksi za Durban zinafika Mtubatuba, na ukishuka unapata nyingine ya kukupeleka mji wa St Lucia, lakini kutoka pale hadi Cape Vidal ni zaidi ya kilomita 30 ndani ya hifadhi na hakuna teksi inayoingia. Shemeji akasema atamwomba rafiki yake dereva wa teksi. Hilo halikuwezekana, na mtu wa Warwick hahitaji kuelezwa: kila njia ina chama chake, na gari la KwaMashu haliamki tu asubuhi likajipeleka Mtubatuba. Mwenye gari la kweli alikuwa jirani yetu wa sokoni, mtu wa Kigoma, ambaye hubeba wanafunzi. Shule zikifungwa gari lake hulala. Akakubali kutupeleka kwa gharama ya mafuta, kwa sharti moja, kwamba mkewe aje. Vitanda vinane vikajaa. Shemeji alinuna siku kadhaa, halafu akakubali kukaa kwenye meza yangu ya vitenge, kwa malipo.

Mke wa yule jirani ni mzaliwa wa Chatsworth, wa jamii ambayo Durban inaiita Wazanzibari. Wazee wao wengi walikuwa Wamakua, waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa na kushushwa Durban kuanzia mwaka 1873. Wakapata makao King's Rest, kwenye Bluff, ile nchi ndefu yenye mwinuko inayoikinga bandari na bahari. Wakalima, wakavua, wakajenga msikiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sheria za ubaguzi ziliwahamishia Chatsworth, mbali na maji. Mke wa jirani aliposikia tunakwenda mahali penye maji pande zote, alitaka kujua kama mama yake mzazi angepata nafasi badala yake, kwa sababu mama ndiye aliyezaliwa Bluff. Mama alikataa, magoti hayamruhusu. Akamwagiza binti: ukifika, angalia kama kuna kome kwenye mawe.

Basi tukaanza matayarisho, na matayarisho yakawa mikononi mwa mama mkwe.

Nilimwonyesha maelezo. Nyumba ina jiko, sufuria, sahani, mashuka, mablanketi, na nje pana mahali pa kuchomea nyama. Akasikiliza kwa heshima zote, kisha akaanza kufunga sufuria zake. "Mkamwana, sufuria ya serikali haijui foufou." Akaongeza mwiko, kinu kidogo, gunia la mkaa, jiko la mkaa, mikeka, ndoo zenye mifuniko, chandarua chake mwenyewe alichokitoa Bukavu, na fungu la mpepho kutoka kwa yule mama wa darajani, akisema moshi wake hata mbu wa Wazulu wanauheshimu. Kila siku niliporudi sokoni nilikuta kichuguu cha mizigo sebuleni kimepanda. Mume wangu, ambaye ndiye mwenye safari, alipita pembeni ya kichuguu hicho na kuingia chumbani bila neno. Mbele ya mama yake hugeuka mtoto wa darasa la tatu, na sijawahi kumlaumu kwa hilo.

Kisa cha bizari kilitaka kuvunja nyumba. Nilimtuma binti yetu mkubwa Victoria Street Market alete bizari ya kuku. Maduka ya viungo ya pale hupanga unga wa kila rangi kwa mafungu marefu, na kila fungu lina kibao. Kile kikali kuliko vyote kinajulikana Durban nzima: kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni cha kumwangamiza mama mkwe. Ni utani wa zamani wa wafanyabiashara Wahindi, watalii hukipiga picha. Binti yangu alikipenda kwa rangi yake nyekundu, muuzaji akamfungia na kibandiko juu yake. Jioni bibi yake akamwomba amsomee kila kilichonunuliwa, ahakikishe hakuna kilichosahaulika. Mtoto akasoma. Akatafsiri pia, vizuri, kwa sababu tunamsisitiza asisahau Kiswahili.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alikaa kwenye mkeka na kuniuliza taratibu, mbele ya mwanawe, ni kosa gani amenifanyia. Niliapa. Mume wangu aliapa. Binti alilia. Hatimaye nilimshika mkono, nikampeleka Victoria Street asubuhi yake, mbele ya duka lenyewe, auone mlima ule mwekundu na kibao chake na watu wa kila kabila wakiununua huku wanacheka. Akamuuliza muuzaji, kupitia kwangu, kama yeye ana mama mkwe. Anaye, anaishi naye. Je, anakula bizari hii? Kila siku, na anaomba iongezwe. Mama mkwe akaonja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho, akanunua pakiti nyingine ya kupeleka Bukavu. Tangu siku hiyo, wa kuipima bizari jikoni ni yeye, na hairuhusu kijiko cha mtu mwingine.

Kuku nao ni wa siku ya mwisho. Nyama tulikuwa tumenunua, imekwisha gandishwa, lakini mama mkwe aliamini kwamba kuku wa safari lazima awe na macho. Alitoka na mtoto wetu wa pili kwenda Early Morning Market, na mchana nikaona mbele ya meza yangu kijana wa mkokoteni akisukuma boksi la karatasi lenye matundu, na bibi nyuma yake, ameridhika. Kuku wanne, hai. Nikamweleza kwamba hifadhini haingii mnyama wa kufugwa, getini watatukatalia. Akasema basi watachinjwa alfajiri, jioni waliwe kando ya ziwa. Hilo niliona ni sawa, na hadi leo naona lilikuwa sawa. Lililoharibu ni kitako cha boksi.

Usiku kililoa, alfajiri kikaachia. Mume wangu alikuwa amefungua mlango kutoa mizigo, na kuku wote wakatangulia nje kabla ya mzigo wa kwanza. Korido ya ghorofa letu ni ndefu na ina milango mingi, na ilikuwa saa ya watu kutoka kazini usiku na kwenda kazini asubuhi. Mmoja alikamatwa na jirani wa KwaMaphumulo kwa ustadi wa mtu aliyekulia na kuku. Mmoja aliingia jikoni kwa wanafunzi wa uuguzi, wakapanda viti. Wa tatu aliteremka ngazi, na mlinzi wa jengo, mtu wa Bujumbura, akatupigia simu kusema kwa Kiswahili fasaha kwamba amelazimika kumwandika kwenye daftari la wageni. Wa nne alikutwa ndani ya lifti, amekaa pembeni, kati ya watu wawili wenye suti ambao hawakuwa wamesema lolote tangu ghorofa ya juu. Mama mkwe aliongoza msako wote kutoka katikati ya korido, mwiko mkononi, na watoto wangu wanasema haijapata kutokea asubuhi nzuri kama ile.

Kuchinja pale ghorofani hakuruhusiwi. Yule jirani wa Kigoma alipofika na gari akasikia habari, alisema kwa upole kwamba yeye na mkewe ni Waislamu, na kama sote tutakula chungu kimoja ni vizuri kisu kishikwe naye, na ua analo nyumbani Chatsworth. Ndivyo tunavyofanya kwetu, ndivyo tulivyofanya hapa. Ila Chatsworth iko kusini magharibi na ziwa liko kaskazini. Tukaenda kinyume cha safari yetu, na kuku wetu magotini. Mama yake mke wa jirani alitukaribisha chai, na chai ya mzee haikataliwi. Kuku wakachinjwa, wakanyonyolewa, wakapakwa bizari, wakalazwa kwenye boksi la barafu. Tulipoiona barabara ya N2 adhuhuri ilikuwa imepita, na geti la Bhangazi wakati wa baridi hufungwa saa kumi na mbili jioni.

Sitaielezea barabara sana, kwa sababu sikuiona. Niliiona saa. Miwa ilipita, mto Thukela ukapita, mikalitusi ya Zululand ikapita safu baada ya safu, na jirani yetu aliendesha kama anayebeba watoto wa watu, kwa sababu ndiyo kazi yake na hajui mwendo mwingine. Mume wangu alikuwa akijitahidi kutomwambia aongeze. Mama mkwe alikuwa akitaja watakatifu. Baada ya Mtubatuba tulikuta ng'ombe wamelala barabarani, wanatafuna, na gari likasimama mbele yao, na mchungaji hakuonekana. Mke wa jirani akashuka, akawasemesha Kizulu kwa sauti ya kiungwana, wakainuka mmoja mmoja. Tulivuka daraja, tukapita mji wa St Lucia ambako mabango yanaonya kwamba viboko hutembea mitaani usiku, tukafika getini jua likiwa juu ya ziwa. Mlinzi akakagua karatasi, akatazama mizigo juu ya gari, akauliza kama tunahama.

"Tunapumzika," mama mkwe alimjibu kwa Kiswahili, na yule kijana akafungua kizuizi.

Nyumba ilikuwa na kila kitu walichosema. Mama mkwe alifungua kabati, akaziona sufuria, akafunga kabati, akatoa zake. Kuku wale waliliwa usiku uleule nje, juu ya makaa yake mwenyewe, na jirani yetu akatokwa na machozi ya bizari huku akiomba kipande kingine. Asubuhi tuliwajua tumbili wa Cape Vidal. Wana utaratibu: mmoja anakaa mbele ya mlango kukushughulisha, mwingine anapita dirishani. Maandazi yote ya chai yalikwenda hivyo. Kuanzia hapo mwiko ulirudi kazini, na bibi na watoto wakapangana zamu, na huo ndio mchezo walioupenda kuliko bahari.

Mume wangu nilikwenda naye Bhangazi, wawili tu. Alivua viatu kwa mazoea, akasimama mbali na maji palipo na kibao cha mamba. Upande wa pili kulikuwa na nyati kwenye nyasi. Akaniambia habari za rasi ya kwao ambazo sikuwahi kuzisikia katika ndoa yetu yote, za baba yake na mtumbwi, na mimi nikamwambia za Musoma. Aliongea muda mrefu, yeye ambaye sokoni huongea kwa kipimo cha nguo. Alipomaliza alisema ziwa la mamba nalo si baya.

Watoto waliogelea baharini, kwenye kidimbwi kinachokingwa na mawe. Mke wa jirani alikagua mawe hayo maji yalipokupwa, akakuta kome, akawapiga picha bila kuwang'oa kwa sababu hakuwa na kibali, akampelekea mama yake Chatsworth. Alikuwa bado ameinama alipoona maji yamerushwa juu, mbali, mara mbili, akaita. Sote tulipanda tuta. Nyangumi walikuwa wanapita, na mama mkwe, aliyezaliwa kwenye ziwa ambalo samaki wake maarufu anatosha kwenye kidole, aliomba aelezwe tena na tena kwamba kile ni kiumbe kimoja.

Jumatatu tuliyorudi, shemeji alinikabidhi meza na hesabu isiyo na kasoro, na ninasema hivyo hadharani kwa sababu wengi walinionya. Muuza mahindi alikuja kabla sijafungua kanga ya kwanza. Hakuuliza ziwa lilikuwaje. Aliuliza bei ya kitanda, siyo ya nyumba, ya kitanda, na mafuta ya gari kwa kichwa. Nikamwandikia. Dada wa aproni akaja na kiti chake. Tukafungua upatu wa pili, mdogo, wa safari peke yake, na ubishi ulianza papo hapo: muuza kofia anataka Septemba, baridi ikipungua, na muuza mahindi anasema Septemba mahindi mabichi ni ghali na biashara yake haiwezi kumlipia. Jirani wa Kigoma ameshasema gari lake linapatikana shule zikifungwa tu. Mpaka naandika haya tarehe haijakubaliwa, lakini vitanda sita kati ya vinane vimeshalipiwa mchango wa kwanza, na binamu wa Pietermaritzburg amepiga simu tena.